Ubia wa serikali na kampuni binafsi: kazi za kijijini hutoka wapi?

Ndugu aliyeuliza kama ubia wa serikali na kampuni binafsi huwapa kazi maskini wa vijijini, au ni maneno ya warsha za hotelini tu, nitamjibu kwa niliyoyaona, kwa kuwa kabla ya kuhamia hapa Nairobi nilikuwa karani wa chama cha ushirika wa maziwa kule Nyandarua kwa miaka minne.

Serikali ya kaunti ilituletea tangi la kupozea maziwa la lita 5,000, chama kikatoa kiwanja na wafanyakazi, na kampuni moja ya kusindika ikaahidi kununua maziwa yote. Kazi za mshahara zilikuwa sita, yangu ikiwamo. Hata hivyo, vijana wa bodaboda waliofunga madebe nyuma ya pikipiki, kina mama waliouza majani ya napia kwa mzigo, na vibarua wa kukamua, wote walilishwa na tangi lile, ingawa mkataba haukuwataja popote.

Nao ulikuwa mlo wa wasiwasi. Saa kumi na moja alfajiri mpimaji alichota maziwa kidogo, akayachanganya na alkoholi kwenye kikombe na kutikisa. Yakiganda, ishara kwamba yameanza kuharibika, mama aliyetembea gizani na debe lake alirudi nalo nyumbani. Hilo wakulima walilikubali, maana kipimo kilikuwa kimoja kwa wote.

Kilichotuvunja ni malipo. Mkataba ulieleza bei na ubora kwa kirefu, lakini siku ya kulipa haikuandikwa, wala adhabu ya kuchelewa. Miezi miwili ilipopita bila kampuni kutulipa, vijana wa bodaboda walianza kuwapelekea maziwa wachuuzi waliolipa taslimu, japo kwa bei ya chini, na tangi likawa halijai hata robo huku bili ya stima ikija kama kawaida.

Kwa hiyo idadi ya ajira inayotangazwa siku ya uzinduzi hainishtui. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, uliajiri vibarua wengi wakati wa ujenzi. Mitambo ikawa tayari mwaka 2017, ikangoja laini ya umeme ya serikali ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa hadi 2018, na kuiendesha hakuhitaji mikono mingi kama kuisimamisha. Sheria ya Ubia ya Kenya ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2013, inaweka utaratibu wa miradi mikubwa, ila mkataba mdogo kama wetu utalindwa na wale wanaoutia sahihi.

Mwaka nilioondoka, wanachama walikataa mkataba mpya mpaka kiongezwe kipengele cha kulipwa ndani ya siku 15. Kiliongezwa. Kati ya vijana saba wa bodaboda waliotuacha, naambiwa wanne wamerudi.