Hatua mbili nyuma yangu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni jambo gani mama alikulazimisha ulifanye, ukamnunia, na leo unamshukuru? Langu ni dogo, hata naona haya kulitaja. Mama yangu aliacha kunisemea.

Nilikuwa mtoto wa aibu kupindukia. Mgeni akiingia, mimi nyuma ya mlango. Nikiulizwa jina, mama ndiye anayejibu. Tulikwenda hivyo mpaka nikafika miaka 9, halafu siku moja akaacha tu, bila kunionya.

Sikio lilikuwa linaniuma, tukaenda kumwona daktari. Pale mapokezi mhudumu akauliza bila kuinua macho, "Anaumwa nini?" Nikamgeukia mama. Hayupo! Karudi hatua mbili nyuma, kaukumbatia mkoba wake, anasoma tangazo la ukutani kana kwamba hanijui. Kwenye foleni mtu akaguna. Nikaduwaa, nimekodolea kioo cha dirisha na alama za vidole vya waliotutangulia. Mwishowe nikatoa sauti ambayo hata mwenyewe sikuisikia. "Eti?" Nikarudia: "Sikio. La kushoto." Maneno matatu, na jasho limenitoka mgongoni.

Nilimnunia siku mbili. Hakubembeleza wala hakukoma. Kitabu cha maktaba kikichelewa, najieleza mwenyewe. Simu ikiita, "Pokea, wewe ndiye uliye karibu," hata kama yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Ukubwani nimeelewa alichokuwa akikizuia. Woga una hila: ukilikimbia unaloliogopa, unapata nafuu papo hapo, na nafuu ile ndiyo inayokufundisha kukimbia tena kesho. Kila aliponijibia, mama alikuwa akinipa ile nafuu. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliandika kuhusu nafasi iliyopo kati ya analoliweza mtoto peke yake na analoliweza akiwa na mtu wa kumsaidia, akasema ujifunzaji unapaswa kulenga hapo. Mama hajapata kulisikia jina hilo. Yeye alikuwa na hatua zake mbili.

Watu hupenda kusema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wengine huifanya hiyo kuwa ruhusa ya kumkaripia na kumchapa mtoto. Mama hakuwahi kunichapa kwa sababu ya aibu, wala kunicheka mbele za watu. Kusukuma na kutupa ni vitu viwili. Na tusiwapambe mama zetu kupita kiasi: nilipokuwa na miaka 12 alinishikilia niimbe peke yangu mbele ya ukumbi uliojaa. Nikasahau beti zote, nikashuka jukwaani nalia. Usiku alikuja kuketi kitandani kwangu akasema, "Hapo nimekosea mimi." Nadhani sentensi hiyo ndiyo iliyofanya niendelee kumwamini.

Leo kazi yangu, msinicheke, ni kupokea simu za wateja wenye hasira. Moyo bado hunidunda kidogo kabla ya simu ya kwanza ya asubuhi. Haya hazijaniisha, nimezizoea tu, kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele.

Niliposoma swali lenu nilimpigia mama, nikamuuliza kama anaikumbuka siku ya sikio. Nilidhani ameshaisahau. Akacheka. Akaniambia lile tangazo hakusoma hata neno moja.

"Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo," akasema. "Nilishaamua, nikifika thelathini hujasema kitu, nakuja. Ulisema kwenye ishirini na sita."