Nachora, nadizaini, natengeneza taa: nichague kimoja?

SWALI: Dada shikamoo. Mi nipo Kiborloni, Moshi, naandika mabango ya maduka, nauzia watalii picha za kuchora, nadizaini flana na juzi kati nimeanza taa za mianzi. Mjomba anasema mshika mbili moja humponyoka, nichague kimoja nitulie. Na wateja nikiwatumia kazi zangu Wasapu wanauliza, we hasa unafanya nini? Nakutumia na wewe uone.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mjomba anaogopa usije ukakosa hela ya kodi na hofu yake naielewa, ila kwa hili sikubaliani naye kabisa. Huko huko mlimani kwenu, Marangu, katoka mchoraji Elimo Njau, kazaliwa 1932, kachora maisha ya Yesu ukutani kanisani Murang'a, Kenya, tena kwenye mandhari ya huko huko, kafundisha, kafungua Kibo Art Gallery hapo Marangu na Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, na kote huko msimamo wake ni ule ule, usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Halafu kuna Isamu Noguchi, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Mchongaji wa mawe huyu, lakini kadizaini meza na viwanja vya watoto kuchezea, na mwaka 1935 Martha Graham, mcheza dansi wa Marekani, alipotaka jukwaa la dansi yake, jamaa akamwekea kipande cha uzio na kamba mbili zinazopanda kulia na kushoto, basi, na jukwaa likaonekana pana kama mbuga. 1951 kapita mji wa Gifu, Japani, meya akamwomba awainue mafundi wa taa za karatasi, ndo zikazaliwa taa zake za mianzi na karatasi ya magome ya mforsadi, ukizikunja zinakuwa bapa kabisa. Vifaa tofauti, ila anachokitafuta ni kile kile, ile nafasi tupu inamfanya mtu ajisikieje.

Sasa wewe. Nimeziangalia kazi zako vizuri, zile herufi za bango la kinyozi zenye mkia mrefu nimeziona tena mgongoni mwa flana, na mianzi ya taa yako inajipinda vile vile. Hapo ndo upo! Mteja usimmwagie kila kitu, mtumie kazi chache zenye huo mkono, zichanganye bango na taa na flana, ataona mwenyewe ni mtu mmoja. Mabango yanalipa kodi, endelea nayo, hata mjomba atalala. Ila hizo picha za twiga na mlima zimejaa kila duka la vinyago hadi Arusha, achana nazo. Ukianza kupanga, anza na la kinyozi.