Maswali ya Wasomaji: Samoni, kayaki na maji ya baridi

SWALI: Mzee, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Bukavu, na tangu utoto nimevua sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, pamoja na baba mdogo upande wa kisiwa cha Idjwi. Karibuni nitahamia Kanada, katika kisiwa cha Vancouver, ambako yaya yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi karibu na mji wa Campbell River. Ameniandikia kwamba huko watu humvua samoni wakiwa peke yao juu ya kayaki, yaani kimtumbwi cha plastiki, na kwamba mimi niliyekulia majini nitaweza siku ya kwanza. Ninajua kuogelea, na kasia nimelishika tangu nikiwa na miaka 9. Ninunue nini kwanza, na nianzeje?
Msomaji wa Nguba, Bukavu

JIBU: Mwanangu, yaya yako amesema nusu ya kweli. Mkono wako unalijua kasia na jicho lako linajua kuutambua upepo kabla haujafika, na hayo ni mengi; lakini mwili wako haujawahi kukutana na maji ya namna ile. Uso wa Kivu huwa na joto la nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima, hivyo mtu akianguka usiku hupanda tena mtumbwini huku wenzake wakimcheka. Katika pwani unayoiendea, kwenye mikondo mingi, maji hubaki kati ya nyuzi 7 na 12 sehemu kubwa ya mwaka, hata siku ambayo jua linawaka na watu ufukweni wamevaa fulana.

Nami niliishi pwani ile miaka 6, nikifanya kazi katika kiwanda cha kufungasha samaki, na kosa lako tarajiwa nililifanya mimi kwanza. Ilikuwa mwezi wa Mei, mchana mweupe. Nilikuwa nimevaa suruali ya jinzi na sweta la pamba, na jile, yaani koti la kuelea, nilikuwa nimeikalia badala ya kuivaa, kama nilivyozoea kuwaona abiria wa bandari ya Kituku, Goma, wakifanya. Niligeuka nyuma kuchukua chambo, kayaki ikalala ubavu, nikaingia majini hatua zisizozidi 30 kutoka ufukweni. Nilipoibuka nilitaka kumwita mwenzangu, lakini sauti haikutoka, kwa kuwa kifua kilikuwa kinavuta pumzi chenyewe, haraka haraka, bila kuniuliza. Laiti kichwa kingekuwa chini ya maji wakati pumzi ile ya kwanza inavutwa, barua yako ingejibiwa na mtu mwingine. Mwenzangu alinikokota hadi kwenye changarawe, na vidole vyangu havikuweza kufungua kifungo cha shati kwa muda mrefu.

Kilichonipata kinafahamika vizuri. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye ameutumia utafiti wake kuchunguza miili ya watu katika baridi, hufundisha hesabu rahisi ya namba tatu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Katika dakika ya kwanza ngozi hushtuka na pumzi hukimbia, na kazi yako ni moja tu, kuelea na kungoja pumzi itulie. Katika dakika kama 10 zinazofuata bado una mikono na miguu inayotii. Baadaye damu hukimbilia kati ya mwili, misuli hulegea, na hata muogeleaji hodari hushindwa kuogelea. Baridi yenyewe huchukua takriban saa 1 kumfanya mtu apoteze fahamu. Utaona basi kwamba wengi hawafi kwa baridi ya saa nzima, bali huzama katika dakika za mwanzo kwa sababu hakuna kilichowashikilia juu ya maji. Kwa hiyo jile huvaliwa na kufungwa kabla kayaki haijaguswa na maji, na haivuliwi mpaka miguu imekanyaga nchi kavu. Sisi wa Kivu, ambao tarehe 3 Oktoba 2024 tuliiona boti iliyotoka Minova ikizama mbele ya macho ya watu karibu na Kituku, tusingehitaji kuambiwa jambo hili mara mbili, lakini bado tunaambiwa.

Sasa umeuliza ununue nini kwanza. Wavuvi wapya hununua ufito wa kuvulia na vyambo vinavyong'aa. Wewe nunua nguo. Lipo vazi la mwili mzima lisilopitisha maji, lenye mpira unaobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na ndilo bora. Vazi hilo halina joto lake lenyewe. Linazuia maji tu, na joto linatokana na sufu au nguo za nyuzi za kutengenezwa utakazovaa ndani yake. Pamba usiivae kabisa, kwa maana ikilowa humnyonya mtu joto. Kabla ya kuingia majini uchuchumae huku umevuta kidogo mpira wa shingo, ili hewa iliyobaki ndani itoke, la sivyo utaelea kama puto huku miguu ikielekea juu. Bei yake mpya mara nyingi hupita dola 1,000 za Kanada, nami najua maana ya kiasi hicho kwa mtu aliyefika juzi. Vazi la mpira wa neopreni, ambalo huruhusu maji machache yaingie na kupashwa joto na mwili, ni nafuu zaidi na linafaa miezi ya kiangazi karibu na ufuko. Ukiwa huna hata hilo, azima, kodi, au ungoje. Usimsikilize anayekuambia kwamba leo kuna jua: vazi huchaguliwa kwa kutia mkono majini, wala si kwa kutazama mbingu.

Kuhusu chombo chenyewe, kayaki za kuvulia nyingi ni zile ambazo mtu hukaa juu yake, si ndani yake, zikiwa na matundu yanayorudisha maji baharini, na urefu wa kama mita 3.6 hadi 4.3. Ziko za kasia na ziko za pedali. Pedali humwachia mvuvi mikono yote miwili, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kasia, na wewe mwenye mabega ya Idjwi huna sababu ya kuzikimbilia. Unachokosa ni kitu kingine. Baba yako mdogo alivua juu ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, chombo ambacho hata ukikichezea ngoma hakipinduki, na kwa hiyo kurudi chomboni ukiwa majini, peke yako, ni ufundi ambao hukufundishwa. Jifunze hapa kabla ya kusafiri. Tafuta kimtumbwi chepesi, chagua ufuko wenye watu usio na mazuku, yaani hewa ya sumu itokayo ardhini, vaa jile, kipindue kwa makusudi. Kigeuze kikae sawa, shika ukingo wa mbali kwa kuupitisha mkono juu yake, piga miguu mpaka mwili ulale sambamba na uso wa maji, jivute mpaka tumbo likae katikati, kisha geuka taratibu ukalie makalio, na miguu ije mwisho. Fanya hivyo mara 20 hapa, penye maji ya nyuzi 24. Ukifika kule fanya mara 10 nyingine ukiwa na vazi lako, kwenye maji ya kifuani, mwenzako akiwa kando. Asiyeweza kurudi chomboni ndani ya zile dakika 10 hajawa tayari kuvua, hata akiwa na ufito wa dhahabu.

Jambo la pili ambalo ziwa halikukufundisha ni maji kupwa na kujaa. Ndugu zetu wa Lamu na Unguja wana maneno yake tangu zamani, bamvua kwa siku ambazo maji hupanda na kushuka sana, maji mafu kwa siku ambazo hayaendi mbali. Sisi wa bara tunayasoma vitabuni tu. Huko uendako mikondo hiyo hupita katikati ya visiwa kama mto. Kaskazini kidogo ya Campbell River upo mlango wa bahari uitwao Seymour Narrows, ambapo mkondo unaweza kupita kilomita 25 kwa saa. Palikuwa na mwamba chini ya maji uliovunja meli nyingi, hadi ulipolipuliwa kwa baruti tarehe 5 Aprili 1958, na hata bila mwamba huo, mahali pale si pa kayaki ya mwanafunzi. Nunua jedwali la maji, anza kwenye ghuba zilizojikinga, siku za maji mafu, ukitoka alfajiri na kurudi kabla ya upepo wa mchana. Upepo ukipita kilomita 20 kwa saa, baki nyumbani. Na ukivuma kinyume cha mkondo, mawimbi husimama wima kama ngazi, hivyo hata kilomita 15 zitakuwa nyingi.

Sasa samaki mwenyewe. Pwani ile ina jamii 5 za samoni, na watakaokuhusu kwanza ni wawili: koho, ambaye hupenda kukaa karibu na uso wa maji, mara nyingi ndani ya mita 20 za juu, na chinuki, mkubwa kuliko wote, ambaye mara nyingi hukaa chini zaidi. Samoni havutwi na taa kama sambaza. Huwinda samaki wadogo, na wewe unamkokotea chambo nyuma ya kayaki kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, ukipita kando ya misitu ya mwani na pale ambapo mkondo unageuka nyuma ya rasi, hasa kunapopambazuka na maji yanapokaribia kusimama. Kipande cha chuma chenye umbo la kijiko kinatosha kwa kuanzia. Akishika, mwelekeze mbele ya kayaki, mwache akukokote kidogo. Samaki wa kilo 10 atakugeuza kama usukani, lakini hatakupindua isipokuwa ukiinama nje ya chombo. Kanuni yangu ilikuwa kwamba kichwa kisivuke ukingo: wavu wa mkono ndio unaotoka nje, mwili hautoki. Mkate matamvua damu imtoke, mtie kwenye mfuko wenye barafu, na usimfunge kwa kamba majini, maana sili, wanyama wa baharini, huko ni wezi wenye subira kuliko paka wa Kituku.

Leseni huwezi kuikwepa. Utanunua ile ya serikali ya shirikisho kwa uvuvi wa maji ya bahari, ambayo mwaka wake huanza tarehe 1 Aprili na kwisha tarehe 31 Machi, pamoja na stempu ya samoni ikiwa unataka kubaki na samaki. Ndoana ziwe hazina kile kijino cha nyuma kinachozuia samaki kuchomoka. Idadi, ukubwa na maeneo yaliyofunguliwa hubadilika katikati ya msimu, hivyo utazame kila unapotoka, hata kama ulitazama juma lililopita.

SWALI: Mheshimiwa, kwa nini tuwasindikize vijana wetu mpaka Kanada kumtafuta samoni? Sambaza aliletwa Kivu kutoka Tanganyika akastawi. Samoni naye asiletwe?
Msomaji wa Himbi, Goma

JIBU: Ni kweli kwamba sambaza aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini alitoka ziwa la joto akaingia ziwa la joto. Samoni huanza kuteseka maji yakikaribia nyuzi 20, na mayai yake huhitaji changarawe za mto wa baridi wenye hewa nyingi. Wengine hudhani kwamba angejificha kwenye kina. Kivu, hata hivyo, halipoi kadiri unavyoshuka kama maziwa mengine, bali chini kabisa lina joto zaidi kuliko juu, kwa sababu ya maji ya moto yanayoingia kutoka ardhini, na kuanzia takriban mita 60 kwenda chini hakuna oksijeni ya kumtosha samaki. Truta, binamu yake, aliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, naye aliishi kwenye mito ya milimani tu.

SWALI: Mwanangu yuko huko tayari na ananitumia picha akiwa peke yake juu ya kayaki hiyo. Mimi sijui kuogelea, na maneno ya uvuvi siyajui. Nimuulize nini?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, muulize mambo manne, naye ayajibu kabla ya kila safari, si baada yake. Anaingilia ufuko gani, na atarudi saa ngapi? Nani aliye karibu naye huko anayejua saa hiyo, na ambaye atawapigia waokoaji wa pwani ikipita? Redio ya baharini na filimbi viko kwenye jile aliyoivaa, au viko ndani ya sanduku la kayaki, ambalo litakwenda na mkondo akianguka? Na mara ya mwisho alipojipindua kwa makusudi akapanda tena ilikuwa lini? Akisema kwamba hajawahi, mwambie picha inayofuata unayotaka ni ya siku hiyo, akiwa amelowa, na mwenzake amesimama kando.