Jibu: Lindi Julai na Agosti kuna nini?
Ndugu yangu, umeuliza kama kuna la kufanya Lindi ukileta watoto kipupwe hiki. Lipo, tena karibuni sana! Upepo wa kusi unavuma, alfajiri mtajifunika shuka. Msikose Nanenane, maonyesho ya wakulima, viwanja vya Ngongo, kilele 8 Agosti. Anzeni na mabanda ya mbegu, watoto washike ufuta, mbaazi na korosho, wawaulize wakulima wenyewe.

Mkipita kwenye mikorosho mtaona majani yana vumbi la njano. Hiyo ni salfa, dawa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Fungeni vioo vya gari.

Vijijini, baada ya mavuno, ngoma za jando na unyago zinalia. Unyagoni usiende bila kualikwa, nakuomba sana.