Udongo Hunasa Nini na Huachia Nini?

SWALI: Kisima chetu kina kina cha mita 12 na maji yake ni maangavu, ingawa karibu nacho pana choo cha shimo na shamba linalotiwa mbolea kila msimu. Baba husema kuwa ardhi hujisafishia maji yake yenyewe. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, baba yako hajakosea, ila kauli yake ina mipaka, na ni muhimu mno kwa familia yenu kuijua.

Wengi hudhani kuwa udongo huchuja kama kitambaa, yaani kikubwa hukwama na kidogo hupita. Ndivyo yanavyonaswa matope, mayai ya minyoo na sehemu ya bakteria. Virusi, hata hivyo, ni vidogo kiasi cha kupenya karibu kila upenyo, na vikizuiwa ni kwa sababu vimenata kwenye chembe za udongo. Kunata huko ndiko kazi kubwa zaidi ya udongo. Chembe za udongo wa mfinyanzi, ambazo upana wake haufiki milimita 0.002, pamoja na mboji, zina chaji hasi, kwa hiyo huvuta na kushikilia vitu vyenye chaji chanya kama vile amonia iliyoyeyuka majini (amonium), risasi na shaba. Mkulima wa Uingereza, Harry Stephen Thompson, alimimina maji yenye salfeti ya amonia juu ya udongo, na yaliyotoka chini yakawa na salfeti ya kalsiamu: udongo ulikuwa umeishika amonia na kuachia kalsiamu mahali pake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1850.

Jambo hili huonekana wazi katika maabara ya shule. Jaza udongo uleule katika chupa mbili zilizotobolewa chini, kisha mimina katika moja rangi ya buluu iitwayo methilini buluu, yenye chaji chanya, na katika nyingine rangi nyekundu ya eosini, yenye chaji hasi. Buluu hubaki ndani ya udongo, ilhali nyekundu hutiririka hadi chini.

Nitrati, msomaji wangu, hufanana na ile rangi nyekundu. Bakteria wa udongoni wakipata hewa huigeuza amonia ya mkojo na ya mbolea kuwa nitrati, ambayo haina rangi wala harufu, na isipowahiwa na mizizi ya mimea husafiri na maji hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, nitrati huzidi kukolea.

Kinachobaki ni muda. Katika tabaka lisilojaa maji, yaani udongo ulio juu ya usawa wa maji ya ardhini, unyevu hushuka polepole ukizizunguka chembe, na vijidudu hupata nafasi ya kuvunjavunja uchafu, zikiwemo baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Msimu wa mvua maji ya ardhini yakipanda hadi kugusa kitako cha shimo la choo, tabaka hilo huwa halipo tena. Mfinyanzi nao, kwa sifa zake zote, hupasuka ukikauka sana, na mvua ya kwanza hupitia nyufani bila kuchujwa. Kwenye mwamba wa chokaa wenye mianya hali huwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana hushauriwa choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kitako chake kibaki juu ya usawa wa maji kwa mita moja na nusu au zaidi. Uangavu wa maji hauwezi kuwathibitishia lolote kuhusu nitrati wala virusi. Pimeni bakteria na nitrati mvua zinapokuwa zimekolea, kwa kuwa sampuli ya kiangazi huenda ikawaonyesha kisima kikiwa katika hali yake bora.