Jibu: Mistari inaruka skrini nzima kamera ikikaribia

Habari ndugu. Umesema programu yako ya kuwachorea mafundi wa Kibuye stendi za tanki kwa 3D inaenda sawa, ila kamera ikisogea karibu mistari inaruka na kukata skrini nzima, na laptopu inalemewa.

Angalia kwanza z (umbali kutoka kamera kwenda mbele) ya kila ncha ya mstari kabla ya kugawanya x na y kwa z ili kupata nafasi yake kwenye skrini. Kama kamera inatazama z chanya, ncha iliyo nyuma yake ina z hasi, na x/z inaitupa upande wa pili. z ikikaribia sifuri, jibu la x/z linalipuka. Usitupe mstari mzima, vipande vya stendi vitapotea ghafla! Ncha moja ikiwa chini ya 0.1, ukate mstari penye z = 0.1 (1 ni ncha ya kwanza, 2 ni ya pili):

t = (0.1 - z1) / (z2 - z1)
x = x1 + t * (x2 - x1), na y vivyo hivyo.

Ncha zote mbili zikiwa chini ya 0.1, hapo ndipo usiuchore mstari kabisa.

Kuhusu laptopu kulemewa: mchemraba una kingo 12, lakini kila uso ukigawanywa pembetatu mbili na ukazichora mojamoja, unachora mistari 36. Hifadhi kila ukingo mara moja kwa namba za pembe zake mbili, namba ndogo mbele: (3,7), kamwe si (7,3). Ulalo unaogawa uso bapa uondoe. Kuzungusha umbo sijakusemea, hujaweka msimbo wake.