Keki za mwezi kutoka kwa bosi: je, Muislamu ale?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo Guangzhou, China. Kila mwaka ikifika sikukuu yao ya mwezi bosi hugawa boksi la keki kwa kila mfanyakazi, na jioni wenzetu hupanda darini kutazama mwezi na kula pamoja. Nyumba moja naishi na Mvietnamu na Mkorea, nao wana mambo yao siku hiyohiyo. Je, nile keki hizo? Naweza kukaa nao? Na boksi nisilolitaka nilifanyeje, maana wengine huziuza?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himidi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu yangu, watu wawili wanaweza kukujibu swali hili haraka na wote wawili wakakukosesha. Wa kwanza atasema ni mila tu, kula. Wa pili atasema ni shirki tupu, hata usiguse. Sikukuu hii inabadilika nyumba hadi nyumba, na hukumu inafuata kilichowekwa mezani na kimewekwa kwa ajili ya nani.

Tuanze na siku yenyewe. Wachina huiadhimisha tarehe 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda yao, usiku wa mwezi mpevu. Mwaka 2025 iliangukia Oktoba 6, mwaka 2026 ni Septemba 25, na 2027 ni Septemba 15. Utaona haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani yetu. Sababu ni kwamba wao huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili mavuno yabaki kwenye msimu wake. Sisi tumekatazwa kuchezea hesabu hiyo: Suratut Tawba aya ya 36 na 37 zinasema miezi ni 12 na zinalaani nasii, ambayo baadhi ya wafasiri wameieleza kuwa ni kuongeza mwezi namna hiyohiyo. Kwa kuwa wao huanza mwezi siku mwezi unapokutana na jua, nasi tunasubiri uandame, tarehe 15 yao mara nyingi huwa 13 au 14 yetu. Yaani iko ndani ya Siku Nyeupe ambazo Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kuzifunga: tarehe 13, 14 na 15. Ukiwa na mazoea ya kuzifunga, usiache kwa sababu ya sikukuu yao. Wala usifunge kwa nia ya kushindana nayo.

Asili ya sherehe huko China ilikuwa kuutolea mwezi sadaka. Meza iliwekwa uani kuelekea mwezi, juu yake matunda ya duara, keki na vijiti vya udi, na watu wakainama. Zipo nyumba zinazofanya hivyo mpaka leo, ingawa mijini wengi wamebaki na chakula cha familia, taa za karatasi na hadithi ya Chang'e, mwanamke aliyekunywa dawa ya uzima akapaa mwezini. Serikali yao iliifanya sikukuu ya mapumziko mwaka 2008. Kwa hiyo bosi wako anapokupa boksi, kwa kawaida hajalipitisha mbele ya udi. Limetoka kiwandani na kufika kwako kama zawadi ya kazini.

Na zawadi ya asiyekuwa Muislamu katika sikukuu yake ina athari, yaani mapokezi, za Masahaba. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa kuhusu zawadi za Majusi, waabudu moto wa Uajemi, katika sikukuu yao, akasema kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo kisiliwe, lakini kuleni vitokanavyo na miti yao. Na Abu Barza al-Aslami (r.a.) alikuwa na majirani Majusi waliomletea vitu siku ya Nayruzi, mwaka mpya wao, na siku ya Mihrajani, akiwaambia watu wake: matunda kuleni, visivyo matunda virudisheni. Athari zote mbili amezipokea Ibn Abi Shayba, mkusanyaji wa hadithi. Angalia hapo kwamba Mihrajani ni sikukuu ya Wafursi ya majira ya vuli, hivyo jambo lako si geni kama unavyodhani.

Basi kupokea kunaruhusiwa. Kula ni habari nyingine, na hapa ndipo vijana wetu wanapoteleza, kwa sababu keki ya mwezi kwa macho ni tamu tu, mfano wa halua iliyofunikwa unga.

Keki ya Guangzhou ina ganda jembamba la ngano, shira na mafuta. Ndani mna mbegu za yungiyungi zilizopondwa na kupikwa na sukari mpaka zikakaza, na katikati kiini cha yai la bata lililokaa kwenye chumvi. Shida ya kwanza ni mafuta. Kwa desturi ya zamani ujazo ule ulikaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Viwanda vingi siku hizi hutumia ya karanga au ya mimea mingine, lakini si vyote. Shida ya pili ni kile kiini: waokaji wengi hukinyunyizia pombe, mara nyingi ile ya mawaridi, ili kukata harufu ya yai kabla ya kukitia tanuri. Usiambiwe kwamba moto umeimaliza. Katika madhehebu yetu ya Shafii pombe ni najisi, na kupikwa hakukitoharishi chakula kilichochanganyika nayo.

Aina ninayokutahadharisha zaidi ni wuren, keki ya mbegu na njugu za aina tano. Mtu huona lozi na ufuta akajua amesalimika. Mara nyingi humo hutiwa vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa, pamoja na kitu kinachoandikwa 冰肉, neno kwa neno "nyama ya barafu". Ni mafuta ya mgongo wa nguruwe yaliyolazwa kwenye sukari na pombe, na yakiiva huwa vipande vinavyong'aa, ukadhani ni tunda la sukari. Zile za Yunnan hujulikana kwa paja la nguruwe, na zile za Suzhou zenye ganda la matabaka zina za nyama ya nguruwe zinazouzwa za moto.

Geuza boksi usome viambato. Ukiona 猪 ni nguruwe, 猪油 ni mafuta yake, 火腿 ni paja lililokaushwa, 酒 ni pombe, 明胶 ni jelatini, gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Neno 肉 likiandikwa peke yake bila mnyama, China hiyo ni nguruwe mpaka ithibitike vinginevyo. Na hata ingekuwa kuku au ng'ombe, mchinjaji wao kwa kawaida si Muislamu wala si Ahlul Kitab, basi nyama hiyo haiwi halali. Unachotafuta ni 清真, husomwa qingzhen, alama wanayotumia Waislamu wa China. Waokaji wa Kihui, kabila la Waislamu wa China, hutengeneza keki hizihizi kila msimu, na Guangzhou yenyewe ina maduka yao, hasa maeneo ya Xiaobei ambako Waafrika wengi hufanya biashara. Ikija ya Malaysia yenye nembo ya JAKIM au ya Singapore yenye nembo ya MUIS, taasisi zao za kuthibitisha halali, kula kwa utulivu. Boksi lisilo na orodha ya viambato, au keki ya mkono isiyojulikana ilivyopikwa, liache. Mtume (s.a.w.) amesema halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake mna yenye kutatiza, anayejiepusha nayo ameisalimisha dini yake na heshima yake.

Mwenzako wa Vietnam sherehe yake ni ya watoto zaidi: taa za nyota, ngoma ya simba, na sinia la matunda na keki. Katika nyumba nyingi sinia hilo hutangulizwa kwenye madhabahu ya wahenga, kisha mwezi ukishapanda ndipo linafunguliwa na kugawiwa. Keki zao mbili, bánh nướng ya kuokwa na bánh dẻo nyeupe ya mchele wa kunata, zikiwa za mchanganyiko huwa na soseji na mafuta ya nguruwe yaliyogandishwa na sukari. Tafuta maneno mỡ heo au mỡ lợn. Yote mawili ni mafuta ya nguruwe.

Mkorea ndiye mwenye jambo zito. Chuseok, sikukuu yake ya siku hiyo, ni mapumziko ya siku 3, na asubuhi familia nyingi hufanya charye, ambayo kwa Kiswahili chetu tungeiita tambiko: wali mpya, matunda, nyama na pombe hupangwa mbele ya majina ya wafu, na watu husujudu. Baadaye hukila chakula kilekile kwa kuamini kwamba ni baraka ya wahenga. Kando ya hilo kuna songpyeon, vitumbua vidogo vya unga wa mchele vilivyojazwa ufuta, maharage au njugu, vikapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari na kupakwa mafuta ya ufuta. Vya dukani vyenye ujazo huo havina tatizo. Vilivyoshushwa kwenye meza ya tambiko, wapo wanavyuoni walioviruhusu kwa kuwa aya ya 3 ya Suratul Maida, inayokataza kilichotolewa kwa asiyekuwa Allah, inahusu kichinjwa, na wapo waliokataza. Ninachokupa mimi ni kuviacha, kwa sababu anayekupa anakushirikisha baraka ya wafu wake, na wewe unajua hivyo.

Japani hupanga vidonge 15 vya unga wa mchele, 9 chini, 4 kati, 2 juu, pamoja na mashuke ya nyasi. Vidonge vitupu ni mchele na maji. Hadhari iwe kwenye mchuzi wa soya wanaovipaka, maana huko mara nyingi huongezwa pombe ili usiharibike.

Kuhusu boksi. Usiliuze ikiwa lina nguruwe au pombe. Imepokewa na Jabir katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitangaza kuharamishwa kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu, na alipoulizwa juu ya mafuta ya mzoga yanayopakwa vyombo vya majini, alikataa. Njia nyepesi ni kuwahi. Ofisi huagiza keki wiki kadhaa kabla, basi mwambie mhusika mapema: wo shi Musilin, mimi ni Muislamu, naomba qingzhen au matunda. China ina makabila 10 ya Kiislamu yanayotambuliwa rasmi, kwa hiyo neno hilo si geni masikioni mwao wala hawaoni kwamba umewatusi. Kampuni ikigawa kuponi badala ya boksi, nenda kachukue bidhaa nyingine ikiwa duka linakubali.

Kupanda darini je? Pakiwa na udi, meza ya sadaka na kuinamia mwezi, usikae hapo hata kama huinami. Allah amesema katika Suratu Fussilat aya ya 37: msilisujudie jua wala mwezi, bali msujudieni Allah aliyeviumba. Pakiwa ni chai, matunda na mazungumzo ya wafanyakazi, keti nao kama jirani, kwani Suratul Mumtahina aya ya 8 haikukataza wema kwa wasiotupiga vita. Ila usiifanye siku hiyo kuwa idi yako kwa kununua mataa na nguo, maana Mtume (s.a.w.) alipofika Madina akakuta watu na siku zao mbili za michezo, aliwaambia Allah amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo. Wakichoma nyama, usile hata samaki wako ikiwa amechomwa kwenye wavu wa jiko uliochomewa nguruwe. Beba karatasi ya alumini ya jikoni na sufuria yako.

Kutazama mwezi wenyewe hakuna ubaya. Jarir (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliutazama mwezi usiku ulipokuwa mpevu, akasema: mtamuona Mola wenu kama mnavyouona huu, hamtasongamana katika kumuona. Kisha akawahimiza wasishindwe na Swala ya kabla ya jua kuchomoza na ya kabla ya kuzama. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapozama, kwa Guangzhou msimu huo ni baada kidogo ya saa 12 jioni. Wenzako watakuita palepale Maghribi inapoingia, na watu darini hawaondoki mapema. Alasiri iwe imeswaliwa, na Maghribi swali kwanza chumbani, kisha upande ukiwa na udhu na msala kwa ajili ya Isha.

Wallahu a'lam.